Mikono Iliyoosha Dhahabu

Hotuba niliyoitoa kwenye mkusanyiko wa wachimbaji wadogo, wanafunzi na wazee huko Makongolosi, wilayani Chunya. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale waliokuwa mashimoni au safarini wakashindwa kufika.

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa wachimbaji, walimu wenzangu, itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mliokuja hapa moja kwa moja kutoka mwaloni, kule tunakooshea dhahabu, poleni na kazi. Wanafunzi, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie historia ya dhahabu. Historia hiyo imeandikwa sana. Wameandikwa wafalme walioivaa, wafanyabiashara walioisafirisha, serikali zilizoipigania na makampuni yaliyoichimba kwa mitambo. Leo naomba niwazungumzie watu ambao historia hiyo huwapa mstari mmoja kisha inaendelea na safari zake: watu walioinama mtoni na chombo mkononi, wakaosha mchanga. Nasema hivi, na nitarudia mpaka tuelewane. Bila mikono iliyoosha mchanga, hakuna Kilwa tunayoisifu. Bila mikono iliyoosha mchanga, hakuna Sofala, ile bandari ya kale ya Msumbiji. Bila mikono iliyoosha mchanga, jina la Chunya lisingejulikana Dar es Salaam, sembuse London.

Nianze na jambo ambalo ninyi mnalijua kwa mikono kuliko ninavyolijua mimi kwa vitabu. Kuosha dhahabu ni elimu. Wako wanaodhani ni bahati, wengine wanadhani ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Hebu tuliangalie karai lenyewe.

Chota mchanga wa mto. Ule mweupe, uliotokana na jiwe la kwatzi, una uzito wa mara 2.65 kuliko maji ya ujazo uleule. Mchanga mweusi, wenye chuma ndani yake, unafika mara 5. Dhahabu safi ni mara 19.3. Siri yote imo humo. Mama anapotikisa karai ndani ya maji, anaipa dhahabu nafasi ya kuzama hadi chini kabisa. Anapoliinamisha na kulizungusha, anayaambia maji yachukue kilicho chepesi. Akizungusha kwa pupa, anaimwaga riziki yake mwenyewe. Akizungusha kwa woga, mchanga mweusi unabaki umeng'ang'ania na jua linazama. Kati ya pupa na woga kuna kipimo, na kipimo hicho hakiandikwi popote. Kinakaa kwenye kiwiko na kwenye kifundo cha mkono, na kinachukua miaka kukaa humo.

Na kabla ya karai kuna kujua pa kuchota. Kwa nini mwoshaji mzoefu hachoti katikati ya mkondo? Kwa sababu anajua kuwa maji yanapopoteza nguvu ndipo yanapotua mzigo, na mzigo mzito ndio wa kwanza kutuliwa. Kwa hiyo anakwenda upande wa ndani wa kona ya mto. Anakwenda nyuma ya jiwe kubwa. Anakwangua nyufa za mwamba ulio chini ya mchanga, anakung'uta mizizi ya nyasi za ukingoni. Mhandisi anaeleza jambo hilohilo kwa hesabu. Bibi zetu walilieleza kwa kuonyesha kidole.

Hapa Lupa, eneo letu hili la machimbo la Chunya, kuna shida nyingine mnayoijua vizuri: maji. Kiangazi kikikaza, vijito vinakauka na mchanga unabaki mkavu. Katika ile rashi ya miaka ya 1930, watu walipokimbilia dhahabu kwa wingi, watu hawakukaa kusubiri mvua. Waliosha kwa upepo. Walirusha udongo mkavu juu, vumbi likapeperuka, kizito kikarudi chini. Kuna mwanamke hapa ambaye hajawahi kupepeta mtama kwenye ungo? Basi kila mmoja wenu ana nusu ya elimu ile tayari.

Elimu hii ni ya kale na ilienea mbali. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki aliyeishi miaka 2000 iliyopita, aliandika kuhusu watu wa milima ya Caucasus waliotega ngozi za kondoo zenye manyoya kwenye vijito, chembe za dhahabu zikanasa humo. Leo nikipita mialoni naona mataulo na magunia yametandikwa kwenye mfereji wa mbao, maji yanapita juu, dhahabu inanasa chini. Miaka 2000 imepita, na kazi ya manyoya ya kondoo bado inafanyika hapa hapa tulipo.

Nataka sasa niwape kisa cha kusikitisha, kwa sababu kinaonyesha thamani ya elimu hiyo kuliko sifa zozote ninazoweza kuzitoa mimi. Mwishoni mwa karne ya 17 dhahabu ilionekana Brazili, katika eneo lililokuja kuitwa Minas Gerais. Wareno walikuwa na ardhi, walikuwa na silaha, walikuwa na mtaji. Wangapi kati yao walijua kuosha? Wakaanza kutafuta watumwa kutoka Afrika Magharibi, hasa wale waliopakiwa kwenye pwani waliyoiita Mina, kwa kuwa iliaminika kuwa watu wa huko wanaijua dhahabu. Na waliijua kweli. Afrika Magharibi ndiyo iliyotoa dhahabu aliyokwenda nayo Mansa Musa, mfalme wa Mali, hija mwaka 1324, na katika maeneo ya Bambuk na Bure wanawake wameosha dhahabu kwa vibuyu karne kwa karne. Kwa hiyo mtu alikamatwa, akafungwa, akavushwa bahari, na alichokuwa nacho cha kumpandisha bei ni elimu iliyokuwa mikononi mwake. Aliibiwa nafsi na ikaibiwa elimu. Makanisa ya Minas Gerais yanang'aa hadi leo kwa dhahabu ile. Nani anakumbuka kwamba mafundi wa kuiosha walitoka kwetu Afrika?

Kisa kingine kinatoka karibu zaidi. Mwaka 1569 mfalme wa Ureno alimtuma Francisco Barreto kwenda kuyateka machimbo ya dhahabu ya ufalme wa Mutapa. Barreto alifia njiani, kwenye bonde la Zambezi, na wengi wa askari wake walimalizwa na maradhi. Aliyemrithi, Vasco Fernandes Homem, hatimaye alifika Manica, kwenye milima iliyo mpakani mwa Msumbiji na Zimbabwe za leo. Padre João dos Santos, aliyeishi Sofala na ambaye maandishi yake yalichapwa mwaka 1609, anaeleza kilichotokea. Wareno walidhani watajaza magunia. Walidhani dhahabu imelala chini inawangoja. Walipokaa siku chache karibu na machimbo wakaona watu wanavyochimba, wanavyobeba, wanavyoosha, na chembe ndogo zinazopatikana kwa jasho lote lile, wakavunjika moyo. Jeshi lililopita katikati ya homa na vita liligeuka nyuma kwa sababu ya ugumu wa kazi ambayo mama wa Manica aliifanya kila kiangazi.

Wareno walikuwa na lalamiko jingine: kwamba wenyeji hawachimbi kila siku, wanachimba pale tu wanapohitaji nguo au shanga. Wakauita huo uvivu. Mimi naona hesabu safi kabisa. Watu wale walikuwa wakulima na wafugaji. Mvua ikinyesha, walilima. Mavuno yakiisha na mito ikipungua, waliosha dhahabu. Dhahabu hailiwi, ndugu zangu. Mtu anayepanda mtama kwanza ndipo aende mtoni, huyo mmwite mvivu?

Sasa twende pwani, maana hapa ndipo ninapotaka tukae.

Katika karne ya 10, mwandishi Mwarabu al-Masudi aliandika kuwa nchi ya Sofala ya Zanj, yaani ya pwani hii ya Afrika Mashariki, ina dhahabu nyingi. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika Kilwa Kisiwani, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyepewa jina la Baba wa Vipaji kwa ukarimu wake. Ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, jumba lenye bwawa la kuogea la pembe nane juu ya mwamba wa bahari. Ibn Battuta alipewa habari na mfanyabiashara mmoja: kwamba Sofala iko mwendo wa nusu mwezi kutoka Kilwa, na kwamba unga wa dhahabu unaletwa Sofala kutoka bara, mwendo wa mwezi mzima. Sikilizeni tena: unga wa dhahabu. Mfanyabiashara yule hakusema vipande wala mawe. Ule uliokuwa ukishuka kutoka nyanda za juu hadi bahari ulikuwa chembe zilizooshwa, zilizokusanywa kidogo kidogo. Hata katika karne ya 19 wasafiri waliofika kwa Washona waliwakuta wakihifadhi dhahabu yao ndani ya vijiti vya manyoya ya ndege, vile vyenye uwazi katikati. Kijiti kimoja kilibeba kazi ya siku nyingi.

Ibn Battuta ana kisa kingine. Anasema Sultani alikuwa akitoka msikitini Ijumaa, akamkuta fakiri wa Yemen akimwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Mwanawe alizikomboa nguo zile kwa watumwa 10, na Sultani aliposikia watu wanavyomsifu akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo 2 ya pembe za ndovu. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na kila mara linanichoma, binadamu 20 kutolewa kama zawadi ya kufidia nguo. Lakini angalieni kitu kingine: Ibn Battuta anasema zawadi za nchi ile kwa kawaida ni pembe, dhahabu hutolewa kwa nadra. Katika mji uliotajirika kwa dhahabu, kwenye mkono wa mtu aliyeitwa Baba wa Vipaji, dhahabu haikutawanywa ovyo. Ilikuwa adimu, na uadimu wake ulianzia kwenye karai.

Biashara ile ilifika mbali pande zote mbili. Kule bara, kwenye kuta za mawe za Zimbabwe Kuu, imeokotwa sarafu ya sultani huyohuyo wa Kilwa. Sarafu ya Kilwa ilipanda hadi huko, na unga wa dhahabu ulishuka hadi Kilwa.

Halafu wakaja Wareno. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na merikebu zenye mizinga. Hakuja kununua. Alimtaka mtawala wa mji, Amiri Ibrahim, akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na alipe kodi ya dhahabu, la sivyo mji utateketezwa. Amiri akalipa. Ilipelekwa Lisbon dhahabu ya mithkali 1500. Mnajua ilifanywa nini? Mfalme Manuel aliamuru itengenezwe monstransi, chombo kile ambacho Wakatoliki hapa mnakijua, cha kuonyeshea Ekaristi. Ilikamilika mwaka 1506. Mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka, kazi ya ajabu ya mikono ya sonara. Ipo Lisbon leo, kwenye Jumba la Makumbusho la Taifa la Sanaa za Kale, na maandishi yaliyochorwa juu yake yanasema wazi kuwa ilitengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Jina la mfalme limo. Jina la Kilwa limo. Majina ya walioosha dhahabu ile yako wapi?

Tuifanye hesabu pamoja, maana hapa kuna watu wa mizani. Mithkali moja ni kama gramu 4.25. Mithkali 1500 ni kilo 6 na gramu 375. Sasa chukua mama anayeosha mtoni na kupata pointi moja kwa siku, yaani sehemu ya kumi ya gramu. Wako hapa watakaosema siku nyingine hata pointi hiyo haipatikani. Ili apate dhahabu ya kodi ile angehitaji siku 63,750. Hiyo ni zaidi ya miaka 170, bila Jumapili, bila Ijumaa, bila kuugua, bila kuzaa, bila msiba. Wakati mwingine mtu alipata zaidi, ndiyo, na waoshaji walikuwa wengi. Lakini uzito wa chombo kile ni huo. Aliyekitazama Lisbon akaona utukufu wa mfalme, hakukitazama vizuri.

Miaka mitatu tu baada ya kodi ile, mwaka 1505, Francisco de Almeida aliuvamia mji wa Kilwa na watu wake wakauteka nyara. Mwaka huohuo Wareno wakajenga ngome Sofala. Walitaka kuukamata mlango wa dhahabu. Mlango waliukamata, dhahabu ikapita pengine: wafanyabiashara Waislamu wa pwani walihamishia njia Angoche na Zambezi. Ngome inaweza kukamata bandari. Haiwezi kukamata maelfu ya watu waliotawanyika kando ya mito, kila mmoja na kijiti chake cha unga.

Na hili linanipeleka kwenye ardhi. Padre dos Santos anaeleza sheria moja iliyomshangaza. Mtu akiona dhahabu mahali papya, alipaswa kupiga kelele kwa nguvu mpaka mwingine aje kuwa shahidi kuwa hajachukua kitu. Kisha wote wawili wapafunike kwa udongo na kuweka tawi kubwa juu yake, kila mpita njia ajue hapo pamekatazwa. Atakayevunja anauawa. Kwa nini? Sababu aliyoelezwa padre ni kwamba Wareno wakisikia kuna dhahabu, watakuja kwa vita waichukue nchi.

Wengine watasema ule ulikuwa woga wa watu wa kale. Haya, tusogee karne tatu mbele, twende Kakamega. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ya Kenya ilipitisha sheria ya kulinda ardhi za Waafrika, ikaahidi kuwa ardhi hizo ni zao milele. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa, ili ardhi iweze kutwaliwa kwa ajili ya madini bila mwenyewe kupewa ardhi nyingine badala yake. Milele ilidumu miaka 2. Wale waliofunika dhahabu kwa tawi la mti, walikuwa waoga au walikuwa wanaona mbali?

Hapa kwetu Lupa dhahabu ya mchanga ilianza kutangazwa mwaka 1922. Watafutaji walikuja kidogo kidogo, kisha dunia ikawasukuma kwa wingi. Uingereza iliacha kuifunga pauni yake kwenye dhahabu mwaka 1931. Marekani ikapandisha bei kutoka dola 20.67 kwa aunsi hadi dola 35 mwaka 1934. Mazao yalikuwa yameporomoka bei kila mahali, dhahabu peke yake ndiyo iliyopanda. Wazungu waliofilisika mashambani wakaja na mahema. Na nyuma yao, kwa miguu, walikuja maelfu ya Waafrika: kutoka Unyakyusa, kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, kutoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Hao ndio waliochimba, hao ndio waliobeba, hao ndio walioosha. Kwenye viwanja vingine mwenye kibali alikaa kando, akamwacha Mwafrika achimbe na kuosha mwenyewe, kisha amuuzie yeye dhahabu kwa bei aliyoipanga yeye. Wazee mliopo hapa, mfumo huo hamkuusikia kwa baba zenu? Na vijana, hamjauona kwa macho yenu wenyewe?

Kwa hiyo mtu anapouliza kwa nini nashikilia sana leseni ndogo za uchimbaji, mizani za serikali na masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019, jibu langu ni historia hii. Kwa karne nyingi aliyeosha hakuwa na mizani. Mwenye mizani ndiye aliyekuwa tajiri. Soko likiwa na mizani ya wazi na bei ya siku imebandikwa ukutani, hilo ni jambo ambalo mama wa Manica hakuwahi kulipata, wala baba zenu wa Lupa hawakulipata. Lilindeni. Likichezewa, semeni.

Sasa nizungumze na akina mama.

Katika Zimbabwe kuna mashimo ya kale ya dhahabu, mamia kwa mamia, mengine yalichimbwa kabla Wareno hawajafika. Watafiti waliyafungua katika karne ya 20. Katika baadhi yake, chini kabisa, walikuta mifupa ya binadamu walioangukiwa na kifusi. Miongoni mwao kulikuwa na wanawake, na wengine walikuwa wasichana. Mashimo yale ni membamba, na mwili mdogo ndio uliopita. Alishuka, akachimba, ardhi ikamfunika, na juu biashara ikaendelea hadi Kilwa, hadi Gujarati, hadi Lisbon.

Mtu akikuambia kuwa dhahabu ni kazi ya wanaume, mwambie kuhusu wasichana wale. Maandishi ya Wareno yanawataja wanawake na watoto mtoni. Afrika Magharibi, wanawake. Ikolomani na maeneo mengine ya Kakamega leo, wanawake. Hapa mialoni, anayeponda mawe ni nani? Anayeosha marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa, mara ya pili na ya tatu ni nani? Lakini nikihudhuria mikutano ya wachimbaji, waliokaa mbele ni wanaume na waliokaa nyuma ni wanawake. Hata leo, tazameni viti vilivyo hapa.

Kuna jambo jingine la akina mama, na hili naomba mlisikilize hata kama mengine yote mtayasahau. Zebaki. Waoshaji wa Mutapa walifikisha dhahabu pwani kwa maji, chombo cha mbao na subira. Leo zebaki, ile metali ya majimaji inayonasa dhahabu, inashikwa kwa vidole mwaloni, inachomwa kwenye jiko la mkaa uani, na mtoto amefungwa mgongoni. Moshi wake hauonekani vizuri na haukohozi mtu papo hapo, ndiyo maana tunaudharau. Lakini zebaki inaingia kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Mikono inaanza kutetemeka, na mikono ndiyo mtaji wenu. Kwa mama mjamzito inavuka hadi kwa mtoto aliye tumboni. Ikimwagika mtoni inageuka sumu inayopanda kutoka kwenye tope hadi kwenye samaki, na kutoka kwa samaki hadi kwenye sahani. Zaidi ya theluthi moja ya zebaki yote ambayo shughuli za binadamu zinaitoa hewani duniani inatoka kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu. Ndiyo sababu mataifa yalikubaliana Mkataba wa Minamata mwaka 2013, na Tanzania imo ndani yake. Mkataba ule umepewa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliathirika kwa kula samaki wenye zebaki.

Siwaambii mwache kazi. Nawaambia elimu ya zamani ipo na bado inafanya kazi. Dhahabu ya mchanga wa mto, iliyo chembe huru, inaweza kutengwa kwa uzito peke yake, kwa mfereji mzuri na karai zuri na mkono uliofundishwa. Dhahabu iliyofungwa ndani ya jiwe ni ngumu zaidi, nakubali, na chembe zake ni ndogo mno. Hata hapo, ukianza kwa kuosha vizuri, unabaki na mzigo mdogo, na zebaki utakayoigusa inapungua sana. Na ukilazimika kuchoma, choma ndani ya chombo kilichofungwa kinachonasa moshi, nje, mbali na jiko la chakula, mbali na watoto. Nasema tena: mbali na watoto.

Kwa viongozi nina ombi moja. Dhahabu ya Kilwa ina kabati la kioo Lisbon. Chunya ina nini? Sijaona mkoani humu chumba kimoja ambacho mtoto wa shule anaweza kuingia akaona karai la miaka ya 1930, mfereji wa mbao, kinu cha kupondea mawe, picha ya baba yake babu akiwa mtoni. Vitu hivyo vipo majumbani mwenu. Vingine vimegeuzwa vyombo vya kunyweshea kuku. Naomba halmashauri itoe chumba, hata kama ni stoo iliyopakwa chokaa, na wazee mlete vitu kabla havijauzwa kama chuma chakavu.

Kwa wanafunzi nina kazi, na walimu wenu wamekubali iwe sehemu ya alama za muhula. Kila mmoja atafute mzee au mama mmoja aliyewahi kuosha dhahabu. Muulizeni alijifunza kwa nani. Muulizeni anatambuaje pa kuchota. Muulizeni mto gani ulikuwa na dhahabu nyekundu na upi ulikuwa na nyeupe, bei ilikuwa ngapi, nani alikuwa mnunuzi, nani alifukiwa na shimo gani. Na kabla ya yote, andikeni majina. Jina la mzungumzaji, jina la aliyemfundisha, jina la aliyemfundisha huyo, mpaka mahali kumbukumbu inapokoma.

Kazi hiyo inaanza leo. Baada ya chakula akina mama watatu wamekubali kutuonyesha kuosha kwa maji peke yake, bila zebaki, pale kwenye kidimbwi nyuma ya shule. Viti vya mbele huko ni vyao na vya wanafunzi wa kike. Wengine tutasimama. Njooni na madaftari, na mvue viatu, maana mtaingia majini.

Asanteni sana.